Mama Huimba Jumapili

Yule dada wa kaunta aliniambia, bila kuinua macho kwenye chai yake, "Mummy, mtu anayeimba hana shida. Si anakuimbia kila Jumapili? Rudi nyumbani ulee mtoto."

Hapo ndipo subira yangu ilikatika. Nilichukua kile kikombe nikamimina chai yote juu ya meza yake, polepole, mpaka ikafika kwenye pasipoti za watu alizokuwa amezipanga. Aliziokoa pasipoti, akanitazama kama mtu aliyejua tangu zamani kwamba siku hii itafika.

Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote katika ofisi ile kwamba mama yangu huniimbia.

Ofisi yenyewe iko Ruiru, ghorofani, juu ya duka la simiti. Ndiyo iliyompeleka mama Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Mama si mzee. Alinizaa akiwa msichana, nami nikazaa mara tu baada ya kidato cha nne, kwa hivyo watu wa soko la Thika wakituona walidhani ni dada wawili wenye mtoto mmoja. Baba ya mtoto alipopotea, mama aliacha kibarua cha kuchuma kahawa. Alisema ataenda yeye, mimi nibaki ninyonyeshe.

Mtoto nilimpa jina la mama. Kwetu sisi Wakikuyu, binti asiyeolewa humpa msichana wake wa kwanza jina la mama yake mwenyewe, na tangu siku hiyo nyanya na mjukuu huhesabiwa kama mtu mmoja. Mama alilichukulia jambo hilo kwa dhati. Akimwogesha mtoto alimwimbia wimbo alioutunga mwenyewe, na ndani yake hakusema "wewe". Alisema "mimi". Mimi naogeshwa, mimi napakwa mafuta, mimi nashiba nalala.

Alipofika huko akawa ananitumia wimbo huo kila Jumapili, kwa ujumbe wa sauti wa simu. Hakuwahi kuurudia ulivyo. Nikimwambia mtoto amekaa, Jumapili inayofuata wimbo unakaa. Nikimwambia ametambaa mpaka kwenye karai la nguo, mama anaimba, mimi natambaa, mimi nameza sabuni, na anacheka katikati. Niliucheza nikifua. Niliucheza nikipika. Kwenye chumba chetu kimoja pale Witeithie, wimbo ukilia, kitanda cha mama hakikuonekana kitupu sana. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mtu akiwa mbali, unashika kile alichokuachia, na mimi niliachiwa sauti.

Kisha mama akaacha kushika simu. Nikipiga, inalia tu. Nikiandika, kimya. Lakini Jumapili ikifika, wimbo unakuja.

Mwanzoni nilishukuru. Nilijiambia mwenye nyumba wake ni mkali, anaiba dakika chache chooni aniimbie. Lakini wimbo ulikuwa umekwama. Mtoto alikuwa ameanza kukimbia, anamfukuza paka wa jirani ua mzima, na mama bado anaimba, mimi natambaa, mimi natambaa. Nikamwandikia, nikimwita nyanya: shosho, mtu wako anakimbia siku hizi. Jumapili ikaja. Mimi natambaa.

Na sauti ilikuwa inaenda mbali. Hayakuwa mawazo yangu tu. Jirani yangu pia aliisikia. Kila wiki ilikuwa kama mama ameshuka ngazi moja zaidi kwenye kisima. Jirani alisema pengine ni mtandao. Baada ya wiki kadhaa akaacha kusema ni mtandao, akaniuliza kama nimewahi kuombea hiyo simu. Nilimjibu vibaya.

Ni mtoto aliyenifungua macho. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, wimbo ndio umeingia, namfunga viatu. Akakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu mzima, si chake. Halafu simu ikakohoa vilevile. Nikamtazama. Akasubiri, akafungua mdomo, akacheka kicheko cha mama, na simu ikacheka nyuma yake. Alikuwa amekariri. Wimbo uliokuwa umeingia dakika hiyo, yeye aliujua mpaka pumzi zake. Nilimvua kiatu nikamvalisha tena, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini.

Nikaweka simu sikioni na kusikiliza kilicho nyuma ya mama. Kulikuwa na mvumo. Chini ya mvumo kulikuwa na mwanaume anayetangaza kwa spika, maneno yaleyale, hachoki: dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende.

Huyo hayuko Uarabuni. Huyo yuko hapa, huzunguka miji yetu na spika yake begani.

Sasa fikiria akili yangu. Niliamini mama amerudi na ananificha. Kesho yake nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Ruiru, kwa sababu mji mwingine aliokuwa na sababu ya kukanyaga ni ule wa ofisi. Nilitembea kutwa nikitazama visogo vya wanawake. Nilimfuata mmoja aliyetembea kama yeye, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, kutoka stendi mpaka karibu na reli. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu mwingine, na akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nilipiga nambari ya mama nikiwa pale pale. Safari hii ilipokewa. Nilisikia mtu akipumua, na nyuma yake yule wa dawa ya panya. Nikaondoa simu sikioni, na bado namsikia. Yule wa dawa alikuwa barabara ya pili, ile ya ofisi.

Ndipo nikapanda ngazi za ofisi, na dada wa kaunta akaniambia mtu anayeimba hana shida.

Baada ya chai kumwagika nilipiga tena nambari ya mama, simu nikiwa nimeiinua juu aione. Ikalia ndani ya droo yake.

Aliifungua mwenyewe. Zilikuwamo simu nyingi, kila moja imefungwa kwa mpira na kipande cha karatasi chenye jina. Ya mama ilikuwa na ufa kwenye kioo, ule aliosafiri nao.

"Waajiri hawapendi simu," alisema. "Mtu wetu akija huku anatuletea. Sasa nyinyi mkikosa kuwasikia mnakuja kulia hapa, wateja wanaogopa. Tunawatuliza tu, dada. Mwenyewe uliandika kwamba ukiusikia wimbo unalala vizuri."

Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa mama. Kumbe ni huyu dada wa kaunta aliyekuwa akiyasoma. Na Jumapili alikuwa akicheza wimbo wa zamani kwenye simu nyingine na kuurekodi upya, nakala ya nakala, hadi mama akazama.

Nilimuuliza swali moja. Simu imerudi, mama yuko wapi? Akasema atauliza. Alisema hivyo akiifunga droo.

Sidanganyi, zile nyimbo za kwanza bado nazisikiliza, zile zinazobadilika. Hizo ni za mama. Za baadaye sijazifuta, kwa sababu afisa wa leba, yule wa serikali wa mambo ya kazi pale Thika, alitaka kuzisikia. Aliposikia akaniuliza, akitabasamu, kama kweli nashtaki kwa kuimbiwa. Nilimwambia anipe karatasi. Nikaandika hivi, akagonga muhuri bila kutabasamu:

"Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Witeithie. Nashtaki ofisi iliyompeleka mama yangu kazini Uarabuni. Wana simu yake na hawawezi kusema yeye yuko wapi. Wamekuwa wakinitumia sauti yake ya zamani ili nidhani ni mzima na ninyamaze. Sitaki kuombwa msamaha. Nataka mtu wa serikali afike kwenye nyumba aliyopelekwa, abishe mlango, amwone kwa macho. Kama hayupo, waseme alitoka lini na alikwenda na nani. Kama yupo, apewe simu azungumze nami. Asiimbe. Azungumze, nami nimuulize, anijibu."