Neno "vijana" kwenye ukuta wa baba

Chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Songambele kimebandikwa magazeti ukutani. Baba aliyabandika kwa uji wa muhogo kabla hajaoa, ili udongo usimdondokee kitandani. Niliporudi kutoka chuo nilipewa chumba hicho, na kwa kuwa sikuwa na kazi, niliyasoma yote, hata yaliyogeuzwa kichwa chini.

Nilikuwa nasubiri jambo moja tu. Redio moja ya Kayanga ilikubali kunijaribu: niandike habari ya mkutano wa vijana Nyakatuntu, wakiipenda wanichukue. Nilikuwa nimeomba kazi kila mahali mpaka mama akaacha kuniuliza, na ule ukimya wake ulinichosha kuliko maswali.

Nilitaka nijue mapema habari za vijana huandikwaje, nikaanza kulitafuta neno hilo ukutani. Karibu na dirisha, vijana walihimizwa kurudi vijijini. Juu ya mlango walitakiwa waache kukaa vijiweni. Nyuma ya kabati waliaswa kupenda kilimo, na picha ilimwonyesha mgeni rasmi ameshika jembe jipya. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta kijana aliyesema neno lake mwenyewe. Nilimpata mmoja, lakini maneno yake yalipita chini ya karatasi nyingine.

Baba alinikuta nimesimama juu ya kitanda.

"Msomi, huo ukuta haujaisha tu?"

"Baba, hawa vijana walikuwa kina nani?"

"Si ndio sisi." Alilitazama lile gazeti la dirishani. "Nilikuwa Bukoba, nabeba magunia ya kahawa. Wakasema vijana turudi. Nikarudi."

"Ulitaka kurudi?"

"Nani aliniuliza?" Akacheka kidogo. "Wewe ndiye wa kwanza, na umechelewa. Shuka tukang'oe ile migomba."

Migomba yetu ilikuwa na ugonjwa wa mnyauko, kama ya jirani zetu wote.

Kule Nyakatuntu mgeni rasmi alizungumza sana, na kubwa lilikuwa kwamba vijana tupende kilimo. Ulipofika wakati wa maswali alisimama dada mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Shikamoo mzee. Kilimo tunakipenda. Tumeambiwa tung'oe migomba yenye ugonjwa, tumeing'oa. Sasa miche safi tutaipata wapi?"

"Dada, fupisha, wali unapoa," mtu akasema nyuma yangu, na watu wakacheka. Mgeni naye akacheka. Akasema swali ni zuri, litafanyiwa kazi. Tukaenda kula.

Niliandika habari mbili. Moja ilianza na yule dada. Nyingine ilianza hivi: "Vijana wilayani Kyerwa wametakiwa kupenda kilimo." Nilizisoma kwa zamu mpaka zote mbili zikanichukiza. Nikianza na dada, wataniona sijui habari. Nikianza na mgeni, nitakuwa nimebandika karatasi nyingine ukutani. Na huenda hakuna anayejali, ni mimi tu ninayejitesa. Mwisho nilituma ile ya mgeni, yule dada nikamweka katika aya ya mwisho.

Jioni iliyofuata tuliisikiliza sebuleni. Msomaji aliishia kabla ya kumfikia dada. Muda mfupi baadaye simu ikaita: nianze kazi Jumatatu.

Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, kama mtu anayetua mzigo, akaenda jikoni kuongeza ndizi. Baba alipunguza sauti ya redio.

"Hongera. Hiyo habari hata mimi naijua."

"Ndiyo, baba."

"Na kazi yenyewe unaitaka?"

"Nimechoka kukaa, baba."

"Sikukuuliza kama umechoka."

Ni mimi niliyetafuta ukutani kwa siku nyingi kijana aliyeulizwa anataka nini, na sasa nimeulizwa mimi. Nikamwambia Jumatatu nitaondoka mapema, hivyo migomba iliyobaki tuing'oe kesho.