Vipepeo wa Saa Sita Mchana

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa pale Malili nikingoja gari la kunirudisha nyumbani, lori kutoka upande wa Mombasa likasimama mbele yangu. Dereva alishuka, akainama mbele ya lori lake, akaanza kuchokora wavu wa rejeta kwa kijiti. Vipepeo weupe walikuwa wamejaa pale, wamebanwa na kukaukia hapo, mmoja mmoja bado akitikisa bawa. Aliwaangusha chini kama mtu anayechambua mchele, huku akilalamika kwamba injini inachemka.

"Wameanza tena hawa," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Moyo wangu ulishtuka kama wa msichana aliyesikia akiitwa kutoka mbali. Gari langu lilikuja, likajaa, likaondoka, nami nikabaki nimekaa palepale na kiondo changu magotini.

Nilizaliwa karibu na soko la Mukuyuni, kwenye mteremko wa mawe na miiba ambako mtu hulima kwanza mawe ndipo alime udongo. Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa akikata mkonge kule Kibwezi, naye alituma unga alipoweza, na asipoweza alituma salamu. Nyumbani tulibaki watatu. Kulikuwa na Mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kikamba. Kulikuwa na kaka yangu Mumo, aliyenitangulia kwa mwaka mmoja na kujiona amenitangulia kwa kumi. Na mimi, Mwikali.

Nyuma ya boma letu palikuwa na jiwe kubwa, pana na la mviringo kama paa la kanisa, lenye rangi ya majivu. Mvua ikinyesha lilitiririka maji pande zote. Jua likiwaka lilichoma nyayo mpaka tukatembea kwa vidole. Ukiwa juu yake uliona nchi yote: vilima vya Mbooni upande mmoja, na upande mwingine bonde lililoteremka kuelekea Kitui, likififia katika ukungu wa vumbi.

Mwaka ninaoukumbuka mvua ilikuwa imekwisha kutuacha mara mbili. Mahindi ya msimu wa kwanza yalikauka yakiwa kiunoni, ya msimu wa pili hayakufika magotini. Ng'ombe wetu wawili walikwenda sokoni, wakafuatwa na mbuzi. Kilichobaki ndani ya nyumba ni kibuyu cha mbegu. Kilining'inia juu ya meko, cheusi kwa moshi, na ndani yake mahindi na kunde vilivyochanganywa na majivu ili wadudu wasivile. Kwetu mbegu haikuwa chakula. Hata mtoto mdogo alilijua hilo. Lakini mwaka ule upepo ulikuwa ukileta harufu ya mahindi yanayochemka kutoka boma moja, halafu jingine, na kila mtu alijua yanatoka wapi, na hakuna aliyesema neno.

Siku moja Mumo alisema. Alikuwa amelala chali karibu na meko, macho juu kwenye kibuyu.

"Mwaitu, kidogo tu. Ngumi moja."

Mwaitu hakumkaripia. Alisema, "Nina kazi yenu. Mnajua vipepeo weupe wale wanaopita kabla ya mvua?"

Tulijua.

"Mwaka huu nataka niwaone wakianza. Nina mbegu ya kupanda mara moja tu, sina ya kurudia. Nikipanda mapema mno, kwale watafukua. Nikichelewa, mvua itanipita. Kwa hiyo mtakwea pale juu kila siku saa sita, maana vipepeo hupita jua likiwa kali. Mkae mpaka kivuli kirefuke. Mniangalilie kama wanakwenda upande wa Kitui, jua linakotoka, au wanazungukazunguka tu. Na ndege pia. Jioni mniambie yote. Yote, sikizeni."

Ndivyo ilivyoanza kazi yetu. Shule ilikuwa imefungwa. Kila siku saa sita tulikunywa maji kibuyu kizima, tukakwea. Ulikuwapo mti mmoja wa mgunga uliojishikilia kwenye ufa wa jiwe, nasi tulijibana kwenye kivuli chake kama kuku wawili.

Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyoyapenda masaa yale. Kabla ya hapo ndege kwangu alikuwa kitu cha kufukuza shambani. Sasa, kwa sababu Mwaitu alitaka kujua yote, nilianza kutazama. Nilimwona chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo kama sindano iliyopinda, akibadilika rangi kila alipogeuka, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye maji. Niliwaona mbayuwayu wakikata hewa chini yetu, nasi tukiwatazama migongo, jambo ambalo mtu wa kawaida hapewi. Asubuhi nyingine, kabla hatujatoka nyumbani, tulimsikia hondohondo akinguruma bondeni, sauti nzito kama mtu anayepuliza ndani ya mtungi. Vipepeo nao walikuwepo, wachache wachache: wa manjano, wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, na mmoja wa buluu aliyependa kutua kwenye jasho la goti la Mumo. Weupe tuliwaona mmoja mmoja, wakizurura bila safari.

Tulibishana mchana kutwa.

"Yule ni korongo," ningesema.

"Korongo? Yule ni tai, kipofu wewe. Korongo ana shingo."

"Ameikunja."

"Ameikunja aende kulala? Macho yako ni ya kuku wa jioni, Mwikali. Ukiolewa utaingia nyumba ya jirani."

Jioni, tukinywa uji mwepesi hata ukaweza kuona chini ya bakuli, Mwaitu alituuliza kama mkaguzi wa shule. Korongo alizunguka mara ngapi? Alizunguka juu ya Mbooni au juu ya bonde? Yule wa buluu, leo alikuja? Aliitikia kwa kichwa, kwa makini, kila jibu. Kisha tuliomba. Mwaitu aliomba kwa maneno machache, kana kwamba hakutaka kumchosha Mungu aliyekuwa akisikiliza nyumba nyingi usiku ule. Nililala nikifikiria nitakachoona kesho.

Siku zikaenda. Mumo alianza kunyamaza. Alikuwa akipumzika njiani tukikwea, kisha akawa anapumzika hata tukishuka. Jioni moja alikaa kwenye njia mpaka Mwaitu akaja kumbeba.

Kesho yake walikuja.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, ingawa Mumo aliapa kwamba ni yeye. Upande wa vilima hewa ilikuwa kama imeingia unga. Kisha unga ukawa na mbawa. Walikuja chini chini, wakifuata mteremko, weupe wenye mishipa ya kahawia kama majani makavu, na walipofika kwenye jiwe letu hawakulizunguka. Walipanda nalo, wakapita juu yetu, kwenye nywele, kwenye mabega, wakashuka upande wa pili wakishika njia ya Kitui. Hawakuwa na sauti. Maelfu yale yote, na sauti pekee ilikuwa ya Mumo akicheka. Alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha, na kaka yangu ambaye jana yake alibebwa alikuwa akizunguka kwa kisigino kama anayecheza ngoma.

Tulishuka mbio. Tulimkuta Mwaitu shambani, kanga imefungwa kiunoni, jembe mkononi, kibuyu kimekaa kwenye tuta. Mistari miwili ilikuwa tayari imefukiwa.

"Mwaitu!" Mumo alilia kwa hasira. "Hata hujatungoja!"

Alitutazama, akifuta uso kwa kiwiko. "Nilijua mtaleta habari njema," alisema. "Haya, shikeni. Mbegu tatu kila shimo, na kunde katikati."

Tulikuwa bado tunafukia alipopita Mzee Kilonzo, jirani yetu na mzee wa kanisa, mtu mwema mwenye koti moja la Jumapili na la siku zote. Alisimama kwenye ua wa miiba.

"Mama Mumo, unapanda kwenye vumbi?"

"Ndiyo, Mzee. Watoto wameona vipepeo."

Alitikisa kichwa. Wazazi wetu walikuwa wameacha mambo mengi walipookoka, na mojawapo ni kusoma bahati ya safari katika sauti ya ndege. "Mwanangu, wokovu na vipepeo wapi na wapi? Tuliyaacha hayo."

Mwaitu hakuinua kichwa. "Mzee, ukiona vumbi kule barabarani asubuhi, si unamwambia mkeo basi la Machakos linakuja?"

"Namwambia."

"Na umewahi kuliabudu vumbi?"

Mzee Kilonzo alicheka mpaka akashika ua na kuchomwa na mwiba. Kesho yake tulimwona shambani kwake na jembe.

Mvua haikuja upesi. Sasa tulilinda udongo mtupu, tukifukuza kwale na kanga waliokuja alfajiri kuchakura, na wiki ile niliwachukia ndege wote niliokuwa nimewapenda. Kisha jioni moja upande wa Kitui ukawa mweusi, upepo ukaleta ubaridi, na usiku bati la jikoni likaanza kupigwa, tone moja, jingine, halafu yote kwa pamoja. Mwaitu alipiga magoti gizani, hakuomba kitu. Alisema asante, akarudia asante, mpaka tukalala.

Tulivuna. Si nyingi, ila tulivuna. Na mimi na Mumo tulikua tukijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba sisi na vipepeo ndio tuliookoa nyumba ile.

Miaka mingi baadaye, Mumo akiwa amekwisha kutangulia mbele za Bwana, Mwaitu alikuja kukaa nami. Alasiri moja tulikuwa tukipukuchua mbaazi, nikamkumbusha siku ile ya vipepeo.

"Siku ile," alisema, "mlipokwea tu, niliteremsha kibuyu. Maji yalikuwa yanachemka. Nilikuwa nimeosha majivu, mbegu ziko mkononi. Niliona Mumo hatafika Jumapili."

Mikono yangu ilisimama.

"Halafu nikafikiria, nikipika leo, kesho nitawatuma kuangalia nini? Nikamwaga maji. Nikatoka na jembe. Mbegu ikishaingia udongoni, hata mama hawezi kuifukua mbele ya watoto wake."

"Kwa hiyo hukungoja vipepeo?"

"Mimi?" Alicheka kidogo, kicheko cha uzee kisicho na meno. "Mimi sikuwa nikiwatazama. Nilitaka msiwe nyumbani saa ya chakula. Vipepeo walikuwa wenu."

Aliendelea kupukuchua. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka machozi yakaisha.

Nimefikiria sana tangu hapo. Kama vipepeo wasingekuja siku ile, mbegu ingekuwa udongoni vilevile, na sijui angetuambia nini jioni. Nafikiri hata yeye hakujua. Alifukia alichokuwa nacho, akamwachia Mungu sehemu iliyobaki, na Mungu, kwa fadhili zake, akaipitisha juu ya vichwa vya watoto wawili. Ningetamani Mumo awepo nimwambie. Siku nyingine nashukuru kwamba hakuwahi kujua.

Wajukuu wangu hufundishwa shuleni habari za njaa za zamani, na mmoja aliniuliza juzi ilikuwaje. Nilijaribu kumweleza. Nilitafuta tumboni mwangu ule uchungu wa mwaka ule, niutoe nimwonyeshe, na Mungu ni shahidi, sikuupata. Nilimpata Mumo tu, amesimama juu ya jiwe saa sita mchana, mikono ameinyoosha, anacheka.