Kiti cha Kupinga

Kiti chenyewe kilikuwa cha lori. Tulikifungua kwenye gari lililopinduka, likaletwa gereji yetu ya mtaa wa Sakina kukatwakatwa, na kiti ndicho peke yake kilichotoka kizima: ngozi nyekundu, springi zote zinafanya kazi. Nimezunguka sana tangu wakati ule, kutoka Moshi hadi Mbeya, na nimekalia viti vya kila namna. Hakuna kilichowahi kunitisha kama kile.

Wakati wa Mwingereza, sisi madereva na mafundi wa barabara ya Nairobi tulikuwa na chama cha kusaidiana: kuzika, kuuguza, kumtoa mwenzetu rumande. Tulijihadhari sana kisije kikaitwa cha siasa. Tulikuwa Waarusha, Wameru, Wachaga na Warangi, Waislamu kwa Wakristo, na kwa michango yetu tulijenga nyumba ya udongo na mabati kule Kijenge. Ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha mikutano, kingine cha mwanachama asiye na pa kulala.

Siku moja Mhindi wa duka la spea alitufungia plagi kwa ukurasa wa gazeti la Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa nimefika sekondari, kwa hiyo kila karatasi yenye maandishi ililetwa kwangu. Nikaanza kuwasomea wakati wa chakula.

"Huko kwenye bunge lao London," nikasema, "kuna mtu kazi yake ni kuipinga serikali. Serikali ikisema jambo, yeye anasimama kulipinga. Wanamwita kiongozi wa upinzani wa Malkia mwenyewe, na serikali inamlipa mshahara."

"Unatudanganya."

"Imeandikwa hapa."

"Mshahara? Wa kupinga?" Fundi wetu wa magurudumu aliweka chini bakuli lake. "Mimi nilimjibu karani wa boma neno moja tu, nikalala ndani siku tatu. Kumbe nilitakiwa kulipwa!"

Wote walicheka isipokuwa mwenyekiti wetu. Alikuwa mzee wa Kiarusha aliyeendesha malori ya jeshi mpaka Uhabeshi wakati wa vita, mtu ambaye akikohoa gereji nzima inanyamaza. "Ero," akaniita, jinsi wanavyomwita kijana katika lugha yao, "soma tena hapo pa mshahara."

Nikasoma mara tatu. Akafuta mikono polepole kwa kitambaa.

"Nilidhani nawajua watu hawa," akasema. "Kumbe kwao wanaweka utingo nyuma ya gari na kabari mkononi. Huku kwetu wanaendesha bila utingo."

Sote tulimwelewa. Siku zile, lori lililojaa likipanda mlima, utingo huruka chini akakimbia nyuma yake na kabari ya mti, ili gari likishindwa aisukumize chini ya tairi lisirudi nyuma. Hakuna dereva aliyewahi kumwona utingo wa namna hiyo kuwa adui yake.

Mkutano uliofuata, mzee alitaka na sisi tuwe na mpinzani. Kwa zamu, mikutano mitatu kila mtu. Atapinga kila hoja ya viongozi, apende asipende, na atakayemnunia nje ya mkutano atatozwa faini. Mshahara hatukuwa nao, basi mpinzani alipewa kile kiti chekundu na kikombe cha kwanza cha chai. Mwenyekiti mwenyewe alibaki kwenye benchi na sisi wengine.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Dereva mmoja alipinga kununua majembe ya makaburi, eti tutakuwa tunaviita vifo. Lakini aliyemfuata alipinga kununua jeki kuukuu, na ili apate la kusema akaenda kuikagua, akakuta imepasuka. Baada ya hapo kicheko kilipungua. Yeyote aliyekalia kile kiti tulianza kumtazama kwa namna nyingine.

Zamu yangu ilifika nikiwa mchumba wa binti mmoja wa kule Lemara. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe na kahawa. "Sina neno na wewe," aliniambia, "ila binti yangu hataolewa ndani ya lori. Ukipata chumba, njoo tupange siku."

Na kweli nilikuwa nalala ndani ya lori.

Mwenyekiti alinipenda kama mwanawe. Katika chumba cha pili pale Kijenge alikaa mjane wa fundi mwenzetu, aliyekufa baada ya gari kuteleza kwenye jeki. Chama kilimpa mjane mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha. Mzee alikwishamtafutia lifti ya bure hadi kwa kaka yake Kondoa, yeye na watoto wake wawili. "Jumapili nitaleta hoja," akaninong'oneza. "Chumba ni chako."

Nilifurahi mno hata nikasahau zamu ni ya nani. Jumapili baada ya ibada niliingia mkutanoni, nikakiona kiti chekundu kitupu, ndipo nikakumbuka.

"Jipinge mwenyewe, bwana harusi!" fundi wa magurudumu akapiga kelele.

Nilimwomba mwenyekiti mtu mwingine akikalie badala yangu. "Hicho kiti hatuazimani," akasema. "Kaa."

Akatoa hoja yake vizuri, kwa haki, bila kumvunjia mjane heshima. Mimi nilikuwa nimepanga sentensi mbili tu. Nikasimama, nikasema ni Julai, baridi ya mlima ni kali, watoto watapata mafua njiani.

"Huko ni kupinga au kupiga chafya?" mtu akauliza. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alinitazama kama dereva anayemtazama utingo aliyekaa juu ya mzigo wakati gari linarudi nyuma.

Nikainamisha macho, nikaona mikono yangu ina grisi. Asubuhi ile nilikuwa nimegonga mlango wa mjane kuazima spana. Kila asubuhi mmoja wetu aligonga. Sanduku la vifaa vya marehemu lilibaki kwake, na yeye ndiye aliyegawa, akapokea, akafuta kila kifaa kwa mafuta ya taa. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

"Chumba ni cha nani?" nikajisikia nauliza.

"Cha mwanachama."

"Na mwanachama ni nani?"

"Mtu wa kazi yetu," mwenyekiti akajibu.

Mjane alikuwa upande wa pili wa ukuta akipika chai ya mkutano. Nikapaza sauti. "Mama! Spana ya robo tatu iko wapi?"

"Anayo fundi wa magurudumu, tangu Jumatatu," ikajibu sauti yake. "Na mwambieni airudishe imefutwa!"

Fundi akajikunyata kwenye benchi.

"Na nusu inchi?"

"Si unayo wewe mwenyewe, tangu alfajiri?"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Nikangoja kitulie. "Mpelekeni Kondoa," nikasema, "kesho mje mgonge mlango wangu. Mimi nitakuwa njiani naelekea Dodoma."

Nikakaa. Sikujua maneno yale yalikuwa ndani yangu, na hadi leo sidhani ningeyatoa nikiwa nimekaa kwenye benchi. Kwenye benchi ningekitaka chumba tu.

Mwenyekiti aliomba wanaokubali hoja wanyooshe mikono. Ilinyooshwa michache. Akanigeukia na kungoja, kwa maana kura nilikuwa nayo kama wengine. Mkono wangu ulibaki juu ya ile ngozi nyekundu.

"Umenishinda," mzee akasema, "na umejishinda na wewe. Mpeni chai."

Mjane aliyeyasikia yote ndiye aliyeileta. Alinipa kikombe kwa mikono miwili. "Ina sukari," akasema, akatoka.

Lemara nilikwenda mwenyewe kueleza. Baba wa binti alinisikiliza hadi mwisho katikati ya mibuni yake. "Umesema vizuri," akasema. "Chumba unacho?"

"Sina, mzee."

Kabla ya Krismasi binti aliolewa na mwalimu. Nikachukua safari za mbali, Dodoma, Iringa, Mbeya, na tangu hapo sijalala mahali pamoja miezi sita mfululizo. Nimesimama nje ya mabunge nikatazama milango yao mirefu, na kila mara nimejiuliza kama ndani kuna mtu amekalia kiti kinachomfanya aseme jambo asilolitaka, na watu wakamwachia akaseme.

Mwaka jana nilipita Kijenge. Nyumba bado ipo. Mjane alikuwa mlangoni anachambua mchele, nywele zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliinua macho kutoka kwenye mchele. "Ile nusu inchi uliondoka nayo."

Nilirudi kwenye gari, nikaitafuta chini ya sanduku la vifaa. Nikaifuta kwa mafuta ya taa kwanza, ndipo nikampelekea.