Mguu wa Shangazi Hufuata Redio

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mguu wake hauna adabu: hufuata redio. Ikipiga wimbo wa haraka, pedali hukimbia. Ikitangaza tanzia, gauni halisogei. Mwimbaji aliyempenda kuliko wote alipoacha kuimba, naye aliacha kushona. Alisingizia macho, mgongo, hata bei ya uzi. Ukweli ni kwamba alimshonea mke wa muuza nyama gauni lenye mkono mmoja mrefu, mtaa mzima ukacheka, naye akafunika cherehani kwa miaka tisa.

Mwaka huu mwimbaji amerudi na wimbo mmoja wa taratibu, wa kuchoma moyo. Shangazi aliusikiliza, akalia, akapangusa vumbi. Kazi ya kwanza kuja ilikuwa gauni la harusi la binti wa yule yule muuza nyama.

“Jumamosi asubuhi, fundi,” mama mtu alisema. “Ukikosea safari hii, usiguse tena kitambaa cha mtu.”

Balaa ni kwamba redio iliupiga wimbo ule kila saa, na mguu ukautii. Alhamisi ilifika gauni halina mikono. Shangazi alipokwenda kuoga, nikageuza redio kwenye mpira. Aliporudi, mguu ulipaa. Timu ikafunga goli, na sindano ikaunganisha mkono wa gauni na kiuno.

“Nani kagusa redio yangu?”

“Upepo, shangazi.”

“Upepo huu unapaka rangi kucha?” Akanionyesha alama nyekundu kwenye kitufe.

Nilifumua mshono ule mpaka vidole vikafa ganzi, na wimbo ukarudishwa.

Jumamosi bibi harusi alikuta gauni halina pindo. Shangazi alimvisha, akamsimamisha juu ya stuli, akazima redio, akapiga magoti na sindano ya mkono huku akiimba mwenyewe, kwa sauti ya chini. Mama mtu, mkoba kwapani, alipima mikono ya gauni kwa shubiri, mara mbili. Ilikuwa sawa. Akapima tena, nami nilimchukia kidogo kwa hilo.

Kisha akafungua mkoba, akatoa gauni lililokunjwa vizuri, lenye mkono mmoja mrefu.

“Na hili utalipunguza lini?”

Shangazi alikata uzi kwa meno.

“Jumatatu,” alisema.