Binti Anayetengeneza Madirisha

Nyumbani walimwita Ndotoni, na jina hilo hakulipata bure. Tangu utotoni ukimtuma chumvi alirudi na habari za vumbi linavyocheza kwenye mwanga wa mlangoni, chumvi yenyewe ameisahau dukani. Mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake, alikuwa akisema mwanawe ana mwili wa hapa na roho ya kwingine. Ukimwita mara ya kwanza unamwamsha, ya pili unamrudisha, ya tatu ndipo unamwambia shida yako.

Alipokua akapata kazi iliyomkaa kama nguo iliyopimwa. Aliandika programu za kompyuta, zile za Linux, zinazotengenezwa na watu waliotawanyika pembe zote za dunia, kila mmoja chumbani kwake, kisha yeyote anayezitaka anazichukua bure. Katika kazi hiyo pana yeye alishika kipande kimoja tu: madirisha. Si ya ukutani. Ni yale yanayofunguka kwenye skrini, barua hapa, picha pale, hesabu imejificha nyuma. Dirisha likizaliwa likae wapi, likisukumwa liteleze vipi, likifichwa liende wapi na likiitwa lirudi na sura gani, hayo yote yalipita mikononi mwake. Shirika dogo la mbali lilimlipa mshahara. Wenzake hakuwahi kuwaona kwa macho. Aliwajua kwa maandishi yao. Mkubwa wao, aliyekagua kazi ya kila mtu kabla haijapokelewa, alijitambulisha kwa picha ya kobe, basi Ndotoni akamwita Kobe, na kwa mwendo wake wa kujibu hakukosea sana.

Meza yake ilikuwa sebuleni, ubavuni mwa cherehani ya mama. Asubuhi nzima cherehani ililia na kunyamaza, ikalia na kunyamaza, naye akakaa ndani ya mlio ule kama mtu aliyekaa ndani ya mvua. Alikuwa akifungua dirisha tupu lisilo na neno hata moja, akalivuta polepole kutoka kona hii hadi ile, akitazama kivuli chembamba kilicho chini yake kinavyolifuata. Kama kivuli kilichelewa hata kidogo, aliona. Alirekebisha, akavuta tena. Kuna siku alivuta mpaka ikamjia kwamba haliendi dirisha, unakwenda ukuta nyuma yake, na chumba chote, na mama na kitambaa chake cha buluu, vyote vinaelea taratibu kuelekea kushoto.

"Chai imepoa," mama alisema.

"Naona, Mama," alijibu, na wala hakuona.

Mwaka huo alikuwa na jambo lililomnyima raha. Watumiaji walilalamika kwamba madirisha yao yanatoroka. Walikuwa watu wenye skrini mbili. Mtu anazima moja aende kula, akirudi na kuiwasha, madirisha yote yamehamia kwenye ile nyingine, yamejikunyata konani kama kuku wamenyeshewa. Ndotoni alijaribu kwake, akazima, akawasha. Kwake madirisha yalikaa kwa adabu, kama watoto mbele ya wageni. Akajaribu tena kwa njia hii na ile. Kobe akaandika kwamba ugonjwa usioonekana hautibiki, na kwamba ikiwa hakuna anayeweza kuuonyesha, lalamiko lifungwe. Ndotoni akaomba apewe muda.

Ni katika siku hizo mama yake alipokwenda hospitali kupimwa macho. Kwenye foleni alikaa na mwalimu mstaafu, mama mmoja mtanashati anayeishi mtaa wa pili, na kama ilivyo foleni, wakafika kwenye watoto.

"Wa kwako anafanya kazi gani?" Mwalimu aliuliza.

"Anatengeneza madirisha," mama akasema, kifua mbele. Ndivyo alivyoelezwa na mwanawe, naye hakuona haja ya kuongeza.

Kesho yake Mwalimu akabisha hodi. Mama alikuwa ametoka kununua uzi. Ndotoni alifungua mlango, lakini akili aliiacha mezani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako kanisifia kazi yako. Ni kweli unatengeneza madirisha?"

"Ndiyo kazi yangu. Karibu ukae."

"Basi Mungu kanileta. Mimi nataka mawili."

"Mawili tu? Wengine wanafungua hata ishirini kwa wakati mmoja."

Mwalimu alimtazama. "Ishirini? Mimi nyumba yangu ndogo, mwanangu. Mawili yananitosha."

"Unapenda yakae ubavu kwa ubavu, au yapandane?"

"Yapandane vipi?"

"Moja juu ya jingine. Unalolitaka unaliita linakuja mbele."

Mwalimu alijaribu kuyaona akilini, akashindwa. Alikuwa amefundisha miaka mingi na alijua kwamba vijana wa siku hizi wana mambo mapya. "Yakae ubavu kwa ubavu," alisema mwishowe. "Njoo Jumamosi upime." Akaeleza nyumba ilipo, akaaga, akaondoka.

Ndotoni alirudi mezani. Alikuwa ameshaandika mistari kadhaa ndipo neno "upime" likamfikia, kama sauti ya mtu aliyeita kutoka ng'ambo ya uwanja. Akasimama, akakimbilia mlangoni. Barabara ilikuwa tupu.

Mama aliporudi alimweleza yote. Mama hakuona tatizo.

"Kwani hutengenezi madirisha?"

"Natengeneza, Mama. Ya ndani ya kompyuta."

"Mimi uliniambia madirisha. Hukusema ya ndani ya nini. Sasa mama wa watu anangoja, na mimi nimekusifia mbele ya foleni nzima. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Basi Ndotoni akaenda kutafuta anayeweza kuoga. Pembeni ya kituo cha mafuta kulikuwa na karakana ya vioo aliyoipita miaka yote bila kuiona. Alipoingia alidhani amepotea. Vioo virefu vilisimama vimeegemea kuta zote, vimetenganishwa kwa vipande vya zulia kuukuu, na kila aliyepita barabarani alipita tena ndani, upande huu, kisha ule, kisha kwa mbali kabisa, mdogo kama kidole. Lori jekundu lilipita mara nyingi bila kuisha. Yeye mwenyewe alijiona kwa nyuma, kisogo chake, akashangaa ni nani yule amesimama kama mtu aliyetumwa chumvi.

"Taratibu, dada," sauti ilisema. "Hapo miguuni pana kioo."

Fundi alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye makovu membamba mikononi. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Kioo hakibebwi kwa haraka, na baada ya miaka hata chakula alikila hivyo. Ndotoni alimweleza kisa chake bila kuficha kitu. Taratibu alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Kwa hiyo wewe umechukua oda ya kwangu."

"Nimekuletea."

"Sawa. Jumamosi twende wote. Mimi nitapima, wewe utaomba radhi."

Walikwenda. Mwalimu alipoambiwa ukweli alicheka mpaka akashika ukuta. "Nilirudi nyumbani nikijiuliza madirisha ya kupandana yatafunguliwa na nani," alisema. Chumba kilikuwa kipya, cha kusomea, kimeungwa ubavuni mwa nyumba, kuta bado matofali matupu. Tundu moja la dirisha lilikuwa wazi. La pili Mwalimu alikuwa hajaamua alitoboe wapi. Taratibu alipima, akaandika kwa penseli kwenye ubao. Ndotoni alikaa juu ya mfuko wa saruji, akatazama mwanga wa asubuhi ukiingia kwa tundu lile, ukitambaa sakafuni pole sana, ukipanda tofali moja, ukingoja, ukipanda jingine. Hakujua alikaa hapo muda gani. Aliposhtuka, Mwalimu na fundi walikuwa wamesimama mlangoni wanamtazama.

"Tumekuita," Taratibu alisema.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi bado moja," alijibu, na yule fundi akacheka kwa mara ya kwanza.

Siku ya kuchukua fremu, Ndotoni alimsindikiza Mwalimu karakanani, ingawa hakuna aliyemwomba. Taratibu alitaka kumwonyesha Mwalimu mchoro, akageukia meza ya nyuma. Pale palikuwa na kompyuta mpakato ya zamani, skrini yake imepasuka kama utando wa buibui, hata picha haionekani. Waya ulitoka humo hadi kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani.

"Fundi wa vioo, na kioo chako kimepasuka," Mwalimu alisema.

"Kinyozi hajinyoi, Mwalimu. Fremu iliiangukia."

Aliwasha televisheni. Ukuta ukaonyesha mandhari ya samawati, tupu. Taratibu hakushangaa, alishika kipanya, akakisukuma kushoto, akakipeleka ndani ya ile skrini iliyokufa, akapapasa huko kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kitanda, akavuta. Dirisha la mchoro likatokea ukutani, likiingia kwa ubavu.

Ndotoni alisogea hadi mezani. "Umefanya nini hapo?"

"Nimeleta mchoro. Nikizima televisheni, nikiwasha, vyote vinakimbilia kule kulikovunjika. Nimeshazoea. Nilidhani ndivyo ilivyo."

"Zima tena."

Akazima.

"Washa."

Akawasha. Ukuta ukawa mtupu. Ndotoni alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, akatazama ule utupu wa samawati kwa furaha ambayo hakuna mwingine chumbani aliyeielewa. Programu ile ilikuwa ni Linux. Binamu yake Taratibu ndiye aliyemwekea, kwa kuwa mashine kuukuu haikuweza kubeba kitu kizito zaidi. Kwa muda wote huo yule mtu alikuwa akisukuma madirisha yake yeye Ndotoni, kila siku, asubuhi hadi jioni.

"Hayo ni yangu," alisema. "Hayo ndiyo madirisha ninayotengeneza."

Taratibu alitazama televisheni, akamtazama yeye. "Basi nimekuwa nikikulaumu siku zote bila kukujua."

Aliomba aje kufanyia kazi pale, na Taratibu akamsafishia pembe. Mchana baada ya mchana alikaa katikati ya vioo, kompyuta yake magotini, waya umeunganishwa na ile mgonjwa. Nyuma yake almasi ya kukatia ilipita juu ya kioo, kwaa, mlio mrefu mwembamba, kisha kimya, kisha tak, kioo kikagawanyika. Alizoea kuungojea ule "tak". Wakati mwingine aliinua macho akamwona Taratibu katika kioo cha kulia akitoka, na katika cha kushoto akiingia, na hakuwa na haraka ya kujua yupi ndiye. Mawazo yake yalielea yakarudi, na hakuna aliyeyakatiza.

Chanzo kilijitokeza chenyewe, siku moja akiosha vikombe. Televisheni ile ilikuwa nzito ya kuamka. Kompyuta iliuliza "upo?", televisheni ikawa bado inapikicha macho, na kabla haijajibu, kompyuta imeshaamua kwamba televisheni imeondoka moja kwa moja, imehamisha kila kitu na kusahau kilikuwa wapi. Skrini ya Ndotoni nyumbani ilikuwa chapuchapu, iliitika hapo hapo. Ndiyo maana hakuuona ugonjwa. Alikausha mikono akaanza kuandika: kompyuta ingoje kidogo, na mahali pa kila dirisha pakumbukwe hata kama skrini yake imechelewa kurudi.

Alimpelekea Kobe. Kobe akapinga, kungoja kutawaudhi wenye skrini nzuri. Ndotoni akaandika upya. Kobe akapinga tena, kwa maneno machache zaidi, na kwa Kobe hiyo ni dalili njema. Mara ya tatu jibu lilikuwa neno moja: imepokelewa.

Alilisoma akiwa karakanani. Akaiweka programu mpya kwenye ile kompyuta mgonjwa, akamwambia Taratibu azime, awashe. Televisheni ilikaa giza, ikapepesa, ikaamka pole, na mchoro wa mlango wa duka la dawa ukawa pale pale ulipoachwa.

"Eh," Taratibu alisema. Akazima, akawasha mwenyewe mara nyingine, bila kuombwa. Kisha akaanza kuonekana mwenye huzuni kidogo.

"Hujapenda?"

"Nimependa. Ila sasa umemaliza."

Ndotoni alizungusha waya kidoleni. Kioo nyuma yake kilionyesha watu wawili wamesimama kila mmoja akitazama chini.

"Kuna mengine," alisema baadaye. "Madirisha hayaishi matatizo."

"Kwangu hapa?"

"Nitatafuta."

Alitafuta miezi mingi. Siku Taratibu alipofika nyumbani kwao akiwa amevaa shati jipya, mama alidhani ameleta kitambaa cha kushonwa, akamwuliza anataka suruali au koti. Taratibu alisema hapana, Mama, safari hii nimekuja kwa jambo la binti yako. Mama aliweka mkasi chini. Alimhoji kuhusu kwao, kazi yake, wazazi wake na makovu yake, kisha akamwonya kwa haki kabisa kwamba mwanawe ukimpa jiko ataunguza maharage.

"Nimeshaambiwa, Mama. Mimi ni mvumilivu."

Walipanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Siku ya kuhamia walipandisha meza kwa ngazi, yeye mbele, mumewe chini akibeba uzito wote na kusema neno lake lile lile kila ngazi. Taratibu alikuwa amebadilisha dirisha la sebule, akaweka kioo kimoja kipana kisichokatwa katikati, kilichochukua karibu ukuta mzima, ili mkewe akae mbele yake afanye kazi. Alisimama kando akingoja.

Ndotoni alitazama paa za nyumba, kamba za nguo, mtu anayefagia kibaraza upande wa pili. Akaisogeza meza, akaigeuza, akaiweka mgongo wa kiti ukielekea dirishani.

"Unaligeuzia mgongo?" Taratibu aliuliza, na sauti yake iliumia kidogo.

"Nikilitazama sitafanya kazi hata siku moja," alisema.

Taratibu alifikiri juu ya hilo akaona ni kweli. Akaenda kuchemsha maji. Mwanga wa alasiri ulipita begani kwa mkewe, ukafika mezani, ukakaa juu ya kibodi, na Ndotoni alikuwa tayari anautazama.