Kanda Inayopigwa Mara Moja

Hivi wewe, ukisikia wimbo wa zamani redioni, unadhani umetoka wapi? Angani?

Umetoka kwenye chumba chenye bomba linalovuja, nyuma ya vyoo vya kituo cha redio. Humo ndimo wakubwa walimorundika kanda elfu nne za muziki ili ofisi ya matangazo ya biashara ipate nafasi, wala hakuna aliyeona haya. Na humo ndimo anamoshinda Fundi Kanda. Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa getini, likamganda. Kazi yake ni kuzihamishia nyimbo kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Kwa miaka sita amefikisha mia tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Kanda zilizolowa hunata. Fundi huzipasha moto kwenye oveni ndogo ya umeme, kisha huzipiga mara moja tu, kwa sababu zikipita mashineni, ile rangi ya kahawia iliyobeba sauti hubanduka kama unga. Ukikosa hapo, umekosa jumla.

Siku moja akaipata kanda ya dada yake. Dada huyo aliwahi kuimba na bendi ya redio. Sasa koo lake limepasuliwa, anaongea kwa kunong'ona, na akisema alikuwa mwimbaji, wajukuu huangua kicheko. Fundi alimpigia simu palepale.

"Dada, nimekupata!"

"Usinitanie, wewe."

"Haki tena. Kesho asubuhi njoo usikilize."

"Safari hii watanikoma hao wajukuu!"

Alasiri, kanda ilipokuwa tayari, akaiweka mashineni, akavaa visikizio. Gitaa likaanza, kisha ikaingia sauti changa, yenye madaha, ile ile iliyokuwa ikimwita utotoni aje kula. Fundi akafumba macho, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Wimbo ulipokwisha akatazama kompyuta. Kitufe chekundu cha kurekodi hakuwa amekibonyeza. Chini ya mashine palikuwa na kijilima cha vumbi la kahawia. Akairudisha kanda, akaipiga tena. Mvumo mtupu.

Asubuhi dada akafika, amevaa viatu vya kisigino. Fundi akamweleza yote, macho chini.

"Kwa hiyo wewe uliusikia?" dada akanong'ona.

"Niliusikia."

"Ubeti wa pili nilikohoa. Kiongozi wa bendi aliapa atakikata kile kikohozi. Alikikata?"

Fundi akatafuta kichwani. Alikumbuka machozi yake tu.

"Sijui, dada."

"Basi niimbie huo ubeti, mdogo wangu. Hata vibaya."

Fundi akaanza kwa sauti ya kukwaruza, maneno matatu, manne, akakwama. Ndipo akaiona midomo ya dada ikiendelea pale alipokwama yeye. Katikati ya ubeti dada akasita, akaziba mdomo kwa mkono kama anayekohoa, kisha midomo ikaendelea hadi mwisho.

Fundi Kanda hakusikia kitu.