Makopo Saba na Nusu ya Msesewe

Kosa ni langu, mke wangu msimguse. Mimi ni mwalimu wa hisabati huku Old Moshi, na hesabu niliyokosea ni ya uwiano, ile ninayowafundisha watoto kila mwaka.

Baba na mdogo wake walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba tulilorithi. Mwaka jana baba akaanza kuumwa, akasema anataka wapatane kabla hajaondoka. Huku kwetu watu hawapatani kwa chai. Mke wangu akapewa kazi ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kipimo alifundishwa na mama: makopo mawili ya msesewe, lile gome chungu lililotwangwa, kwa ndoo tatu. Safari hii zilitakiwa ndoo tano.

"Nitaweka kidogo kidogo huku naonja," alisema.

Nikamwambia kuonja siyo hesabu. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ukuta wa jiko: mbili juu ya tatu ni sawa na tano juu ya x. Upande mmoja makopo juu, upande wa pili ndoo juu. Mwanafunzi akifanya hivyo namrudishia daftari. Nikazidisha kimshazari, x ikatoka saba na nusu. Ile nusu ndiyo iliyonidanganya, maana jibu lenye nusu huonekana limefikiriwa.

Mke wangu akauangalia ukuta, akaniangalia mimi, akaweka.

Baba mdogo alikuja. Kimila mwenyeji hunywa kwanza, kuonyesha hakuna ubaya ndani ya kata. Baba akanywa, akameza, uso wake ukabaki vilevile. Akampa mdogo wake. Baba mdogo akapiga funda moja, akaitema kwenye majani ya migomba.

"Umeniita nije kunywa uchungu wako?"

Akaweka kata chini, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Nikanyamaza, jamani! Mwalimu mzima nikiri mbele ya ukoo kwamba nimepindua uwiano? Nilijiambia nitamfuata baba mdogo taratibu, nimweleze.

Baba alifariki kabla ya masika. Mdogo wake alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa na watu wa mbali.

Matanga yalipoisha nikachuma jani la isale, lile tunalobeba tukienda kuomba msamaha, nikaenda kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamweleza yote mpaka ile x. Habari za hesabu hakuziuliza.

"Kaka alikunywa ileile?"

"Ileile, baba mdogo."

"Na hakukunja uso."

"Hakukunja."

Akalishika lile jani muda mrefu. "Basi alitaka tupatane kweli," akasema, akaanza kulia.

Wenzangu, makopo yakiwa juu upande huu, yawe juu na upande ule. Na ukishakosea, sema wakati kata bado iko mkononi. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, "nimekosea", na wote wawili walikuwa wamekaa mbele yangu.